Tanuru la Shaba Lijengwe la Ukubwa Gani?



Sharika zetu nyingi zipo kandokando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Usiku na mchana malori yanapita. Yanayoteremka kwenda bandarini yamebeba shaba ya Kongo na Zambia, na yanayopanda yamebeba mafuta, mitambo na salfa. Katika vikao vya kamati za sharika tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: kwa nini wenye migodi wasisafishe shaba yao hukohuko, badala ya kusafirisha udongo kwa malori mpaka baharini? Nao baadhi ya wafadhili wetu wameuliza kwa upande wa pili: ikiwa mgodi unakua haraka, si wajenge tu mtambo mkubwa wa kuyeyusha, kazi iishe?

Katika toleo hili tunapenda kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo. Tumechagua mgodi mmoja ambao habari zake zimetangazwa kwa uwazi, yaani Kamoa-Kakula, uliopo kilometa 25 hivi magharibi ya mji wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgodi huo unamilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni mbili, Ivanhoe Mines ya Kanada na Zijin Mining ya China, na Serikali ya Kongo ina asilimia 20.

Kutoka mbale hadi shaba safi

Kwanza tuelewane juu ya hatua zenyewe, maana watu wengi huchanganya kuchenjua, kuyeyusha na kusafisha.

Mawe ya mbale yakitolewa chini ya ardhi husagwa na kuchenjuliwa kwa maji na dawa zinazofanya punje za shaba zielee juu pamoja na povu. Kinachokusanywa ni makinikia, neno ambalo sisi Watanzania tulilizoea mwaka 2017. Mbale ya Kakula ni tajiri sana, ina shaba kama asilimia 5, wakati migodi mingi duniani inachimba mbale isiyofikia hata asilimia 1. Makinikia ya kawaida duniani huwa na shaba kama robo ya uzito wake, lakini ya Kakula yanakaribia nusu.

Hatua ya pili ni kuyeyusha. Makinikia makavu hupulizwa ndani ya tanuru pamoja na hewa iliyoongezwa oksijeni. Salfa iliyomo huwaka yenyewe na kutoa sehemu kubwa ya joto linalohitajika. Shaba huyeyuka na kutuama chini, takataka za mawe huelea juu, na moshi wa salfa hupanda kwenye bomba. Shaba inayotoka humwagwa kuwa mabamba mazito yenye usafi wa asilimia 99.7 kwa mtambo wa Kamoa.

Msomaji anaweza kudhani asilimia 99.7 inatosha. Haitoshi kwa waya wa umeme. Hatua ya tatu ndiyo kusafisha hasa: bamba hutumbukizwa kwenye birika la asidi, umeme hupitishwa, na shaba huhama chembe kwa chembe kutoka bamba moja hadi jingine mpaka kufikia asilimia 99.99. Dhahabu na fedha iliyokuwemo hubaki chini kama tope, na tope hilo huuzwa. Kamoa-Kakula wamejenga hatua ya pili na hawakujenga ya tatu. Mabamba yao bado yanakwenda kusafishwa kwingine.

Tuongeze kwamba ipo mbale ya aina nyingine, isiyo na salfa nyingi, ambayo haipiti kwenye tanuru kabisa. Hiyo hulowekwa kwenye asidi na shaba safi huvunwa palepale kwa umeme. Ndivyo inavyofanyika Tenke Fungurume na migodi mingine mingi ya Kongo, na ndiyo maana baadhi ya malori tunayoyaona yamebeba mabamba mekundu yanayong'aa na mengine yamebeba mifuko. Tutairudia asidi hiyo baadaye, kwa sababu ndiyo inayofungamanisha mambo yote.

Hesabu ya malori

Faida ya kwanza ya kuyeyusha karibu na mgodi ni usafiri. Tuchukue tani 1,000 za shaba na lori linalobeba tani 30. Shaba hiyo ikiwa ndani ya makinikia ya asilimia 25, mzigo wote ni tani 4,000, yaani malori 134. Ikiwa ndani ya makinikia tajiri ya asilimia 50, ni tani 2,000, malori 67. Ikiwa mabamba, ni tani 1,003 hivi, malori 34. Na makinikia hayasafiri makavu kabisa. Kuna maji ndani yake ambayo mwenye mgodi anayalipia nauli mpaka ng'ambo.

Kwa mgodi uliopo Kolwezi hili si jambo dogo. Mzigo wake umekuwa ukipita Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay, zote zikiwa safari za barabara ndefu zenye mipaka ya kusubiri. Tangu mwisho wa mwaka 2023 umeanza pia kupita kwa reli ya Lobito nchini Angola, ambayo ni kilometa 1,739 kutoka Kolwezi hadi baharini. Wakazi wa Tunduma hawahitaji kuelezwa na sisi foleni ya malori ni nini.

Basi kwa hesabu hiyo peke yake, kila mgodi ungejenga tanuru lake. Kwa nini haviendi hivyo?

Tanuru halizimwi ovyo

Wanakamati wanaosimamia mashine za kusaga na kukamua alizeti watalielewa jambo hili kuliko wasomi wengi. Mashine ya alizeti ikikosa mbegu unazima swichi, unafunga mlango, unasubiri mavuno. Hasara ipo, lakini mashine haiharibiki. Tanuru la shaba halina uhuru huo. Ndani yake kuna joto la nyuzi zaidi ya 1,200, na limejengwa kwa matofali maalumu ambayo hutanuka yakipashwa moto na kunywea yakipoa. Kulipasha moto kwa mara ya kwanza huchukua wiki kadhaa, taratibu. Kulizima na kuliwasha mara kwa mara kunapasua matofali, na shaba iliyoganda ndani inaweza kuliharibu kabisa. Kwa sababu hiyo mpangaji haulizi kwanza, "Mgodi utatoa shaba kiasi gani mwaka wake mzuri?" Anauliza, "Mgodi utatoa kiasi gani mwaka wake mbaya, na tanuru litakula nini mwaka huo?"

Tuone Kamoa-Kakula walivyofanya. Uchenjuaji ulianza Mei 2021, ukaongezwa mwaka 2022, na awamu ya tatu ikakamilika katikati ya 2024. Mwaka 2022 walitoa tani 333,497 za shaba, mwaka 2023 tani 393,551, na mwaka 2024 tani 437,061. Mitambo yote mitatu ya kuchenjua kwa pamoja ilikusudiwa kufikia kama tani 600,000 kwa mwaka. Lakini tanuru lililojengwa, linalotajwa kuwa kubwa kuliko mengine barani Afrika, ni la tani 500,000.

Kwa mtazamo wa haraka hili linaonekana kama upungufu. Sisi tunaona ndipo busara ya mpango ilipo. Tanuru limewekwa chini ya uwezo wa mgodi ili lisikae na njaa, na makinikia yanayozidi yapelekwe kwenye mtambo jirani wa Lualaba Copper Smelter, uliopo Kolwezi, ambao kampuni ilikuwa ikiutumia tangu mwanzo kwa kulipia ada. Tanuru likisimama kwa matengenezo, mtambo wa jirani unapunguza mrundikano. Hakuna haja ya kuwa na kila kitu chini ya paa lako.

Mwaka 2025 mpango huo ulipimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Mwanzoni mwa mwaka kampuni ilitangaza matarajio ya tani 520,000 hadi 580,000. Mwezi Mei 2025 ardhi ilitikisika ndani ya mgodi wa Kakula, kazi za chini zikasimama, na maji yakajaa kwenye mapango ya kuchimbia. Upande wa Kamoa uliendelea kuchimbwa, lakini uzalishaji wa mwaka mzima ulishuka chini ya tani 400,000. Tanuru lilikuwa limekwisha kujengwa. Kampuni ilichelewesha kuliwasha, ikarundika makinikia ya kutosha kwanza, na mwishoni mwa mwaka 2025 ndipo mabamba ya kwanza yalipomwagwa.

Sasa wasomaji wafikirie kama tanuru lingejengwa la tani 700,000, kwa kuamini kwamba mgodi unaokua utaendelea kukua tu. Hata la tani 500,000 limeanza kazi katika kipindi ambacho mgodi wenyewe haufikishi kiwango hicho.

Ada iliyofika sifuri

Lipo jambo jingine ambalo wafadhili hasa tungependa walione. Mwenye mgodi asiye na tanuru hulipa ada ya kuyeyushiwa, kama mkulima anavyolipa ada ya kusaga. Ada hiyo hupatanwa kila mwaka kati ya makampuni makubwa ya migodi na wenye matanuru, hasa wa China, na wengine huifuata. Kwa mwaka 2024 ilikuwa dola 80 kwa tani ya makinikia. Kwa mwaka 2025 ilishuka hadi dola 21.25. Kwa mwaka 2026 walikubaliana dola sifuri.

Sababu ni kwamba China na nchi nyingine zimejenga matanuru mengi kuliko makinikia yaliyopo duniani. Ni kama kijiji chenye mashine kumi za kusaga na mahindi ya mashine nne. Wenye mashine wataanza kusaga bure wapate pumba. Matanuru hayo yanaishi kwa kuuza asidi na dhahabu inayobaki kwenye tope.

Je, hiyo ina maana Kongo au Zambia au sisi tusijenge? La hasha. Ina maana kwamba faida ya tanuru lililopo bara haitoki kwenye ada ya kuyeyusha. Inatoka kwenye nauli iliyookolewa, na kwenye asidi. Anayeandika mradi wa tanuru na kuweka ada ya miaka iliyopita kwenye hesabu zake, anawaandikia wafadhili hadithi.

Mashudu ya shaba

Wakamuaji wa alizeti wanajua kwamba mara nyingi mashudu ndiyo yanayookoa biashara. Asidi ya salfa ndiyo mashudu ya shaba, isipokuwa ukikosa mnunuzi huwezi kuyarundika nyuma ya jengo.

Moshi utokao kwenye tanuru una gesi ya salfa. Ukiachiwa hewani unakausha mazao, unatafuna mabati na unabana vifua vya watu. Mji wa Mufulira nchini Zambia una mtambo wa kuyeyusha uliofanya kazi tangu 1937, na wakazi wa Kankoyo, mtaa uliopo upande wa moshi, waliishi nao kwa vizazi. Ni mwaka 2014 tu ndipo mitambo ya kukamata gesi ilipokamilishwa ikawa inanasa sehemu kubwa yake. Ipo miti ambayo haikuota Kankoyo kwa miaka mingi, na kila aliyepita pale alikuwa akiona.

Siku hizi mtambo wa asidi hujengwa pamoja na tanuru. Gesi hugeuzwa kuwa asidi, na asidi huuzwa kwa migodi ile inayoloweka mbale. Mtambo wa Kamoa ukifanya kazi kwa uwezo wake wote unatarajiwa kutoa kama tani 700,000 za asidi kwa mwaka, nao umezungukwa na wanunuzi. Hapa ndipo ile salfa inayopanda Tunduma inapoeleweka. Ni salfa ileile ambayo wakulima wa korosho hupulizia mikorosho yao. Inashushwa bandarini Dar es Salaam, inapelekwa Kongo na Zambia, inachomwa na kufanywa asidi. Inasafirishwa ikiwa salfa kwa sababu tani 1 ya salfa hutoa karibu tani 3 za asidi, na kubeba unga wa njano ni nafuu kuliko kubeba asidi ndani ya matangi. Kila tani ya asidi inayotengenezwa Kolwezi inapunguza salfa inayopaswa kupita kwetu.

Lakini mpangaji akumbuke kwamba asidi haingoji. Matangi yana kiasi chake. Yakijaa na mnunuzi hajaja, mtambo wa asidi unasimama, na ukisimama, tanuru linapaswa kusimama, au mtu apate kishawishi cha kuachia moshi. Kwa hiyo soko la asidi hupangwa kabla ya tanuru, na mikataba yake husainiwa mapema. Tanuru lililopo mahali pasipo na wanunuzi wa asidi lina tatizo tangu siku ya kwanza, hata kama shaba ni nyingi.

Umeme tuutaje kwa ufupi, maana kila mmoja wetu anajua mgao ni nini. Mtambo wa Kamoa ulikuwa karibu umekamilika mwishoni mwa 2024, lakini umeme wa kuaminika haukuwepo. Kampuni ilishiriki kugharimia ukarabati wa mtambo namba 5 wa bwawa la Inga II, wenye megawati 178, na njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilometa 1,700 hivi. Mpaka hapo walitegemea sehemu ya umeme ulionunuliwa nje ya nchi na jenereta za dizeli. Tanuru linaweza kukamilika kabla ya nguzo.

Tunachojifunza hapa nyumbani

Machi 2017 Serikali yetu ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Nia ya kutaka thamani ibaki nchini ilikuwa njema na wengi tuliiunga mkono. Hata hivyo, tanuru la kuyapokea makinikia hayo halikuwepo, na migodi miwili iliyoyatoa, Bulyanhulu na Buzwagi, haikuwa na makinikia ya kulisha tanuru la ukubwa wa kibiashara. Bulyanhulu ilipunguza kazi mwaka huohuo, na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani. Makubaliano na kampuni ya Barrick yalisainiwa Januari 2020, Serikali ikapata hisa asilimia 16, na makinikia yakaruhusiwa tena kwenda nje.

Sasa upo mradi wa Kabanga wilayani Ngara, wenye nikeli pamoja na shaba na kobalti, na ulikusudiwa kuwa na kiwanda cha kusafishia Kahama, katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Katika upembuzi yakinifu uliotolewa Julai 2025, mgodi na mtambo wa kuchenjua vimetangulizwa, na kiwanda cha Kahama kimewekwa hatua ya baadaye. Baadhi ya washarika wameliona hilo kama ahadi iliyovunjwa. Kwa maelezo tuliyotoa hapo juu, sisi tunaona kutanguliza mgodi ni mpangilio unaoeleweka, mradi "baadaye" iwe na tarehe.

Kamati za sharika za Ngara, Kahama na maeneo ya jirani zitaitwa kwenye mikutano ya wadau siku hiyo itakapofika. Kwa kawaida mikutano hiyo hujaa maswali ya ajira na fidia, nayo ni ya haki. Tunashauri ajira ziulizwe kwa vipindi viwili, kwa maana ujenzi huita watu wengi na mtambo ukishakamilika huhitaji wachache, tena wenye mafunzo. Tunaomba pia yaulizwe haya: Kabanga ikisimama kwa miezi sita, kiwanda kitasafisha makinikia ya nani? Mabaki ya kemikali yatakwenda wapi, na mnunuzi wake amekwisha kusaini? Umeme utatoka njia ipi, na nani analipia nguzo? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala itunzwe katika ofisi ya usharika, siyo mikononi mwa mtu mmoja.